Matanga Kwenye Uwanja wa Sabuni

Mpaka leo nikipita barabara ya maduka hapa Bunia kuna watu wanaonicheka kwanza, ndipo wananisalimia, na mimi nacheka nao kwa sababu kukasirika nimeshindwa: kosa lilikuwa langu peke yangu, nililifanya mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote na hata kalamu mfukoni.

Tantini Zawadi, mdogo wa mama yangu, anapika sabuni. Anaipika nyuma ya duka lake, kwenye uwanja wenye mapipa mawili, kwa mafuta ya mawese na soda, akisaidiwa na wanawake wanne ambao vita viliwaachia watoto tu. Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza kitu. Halafu amani ikaanza kuonekana (hii amani yetu inayotembea huku inatazama nyuma), watu wakapaka maduka yao rangi, na komine, serikali yetu ya mji, ikakumbuka kwamba sehemu ile ni ya biashara, si ya viwanda. Wakamwambia Tantini aombe ruhusa. Wao watakuja kukaa na majirani, wasikie kama kuna anayeumizwa na kazi yake, ndipo waandike. Ruhusa ikikataliwa, mapipa yanatoka, na Tantini hakuwa na uwanja mwingine, wala wale wanawake hawakuwa na kazi nyingine.

Jirani mmoja tu ndiye aliyetutia hofu. Papa Alphonse, mtu wa Mahagi, muuza vitenge wa mlango wa pili, alikuwa ameshapeleka barua komine kusema moshi wetu unaingia kwenye vitenge vyake. Yeye na Tantini hawakuwa wakisalimiana tangu Pasaka.

Komine wakapanga Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumatano Tantini akaenda Gety kumwona dada yao mkubwa aliyekuwa mgonjwa, akaniachia maandalizi yote kwa sababu, alisema, mimi nimesoma.

"Weye Neema, upange muzuri. Wageni ya komine wakae muzuri. Miye kesho mbele ya saa ine niko hapa."

Nikapanga. Alhamisi niliona jua limeamka na hasira, nikawaza, hawa wakubwa tutawachoma juani? Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya ulezi: nikaenda kwa jamaa anayekodisha bache, nikaleta turubai lake kubwa la bluu na viti arobaini vya plastiki, tukalisimamisha mbele ya duka mpaka ukingo wa barabara. Kisha, ili kusiwe na moshi, nikazima moto. Ili wageni wasikute fujo ya wateja, nikafunga duka. Na wale mama wanne, ambao kazini huimba na kutukanana kwa furaha, nikawaambia wavae kitenge cha namna moja, waketi chini kwenye mkeka na wanyamaze.

(Mtu yeyote wa Bunia ameshaelewa. Mimi niliyezaliwa Bunia sikuelewa.) Bache ya bluu, ambayo kwetu husimamishwa kwenye matanga, viti, duka limefungwa, wanawake wako chini kimya, na mwenye nyumba alionekana jana akipanda pikipiki kuelekea Gety, kwenye barabara ile ya kuviziwa, ambayo kila asubuhi watu wanaulizana habari zake kabla ya kuulizana habari za watoto.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuza samaki wa ng'ambo ya barabara. Alivua viatu, akashika kichwa, akapiga yowe: "Zawadiii! Umetuacha na nani?" Nikasimama kumweleza, "Mama, hapana, hii si..." lakini alinikumbatia kwa nguvu, uso wangu ukazama kifuani mwake, akaniambia, "Lia, mutoto wangu, usijizuie." Nyuma yake wakaingia watano, halafu kumi, huyu na kuni kichwani, yule na sukari, na kila niliyemwambia kwamba hakuna aliyekufa, alimtazama mwenzake kwa huruma: maskini, uchungu umemupanda ku kichwa. Wale mama wanne nao, kusikia vilio, wakafikiri kuna habari mbaya niliyowaficha tangu asubuhi (ndiyo maana tumenyamazishwa!), wakalia kuliko wote.

Ndipo wakaingia watu watatu wa komine na faili yao. Mkubwa wao akavua kofia, akaninong'oneza, "Pole sana, mamzele. Turudi siku ingine?"

Sijajibu, Papa Alphonse akasimama katikati. Kwenye matanga yetu mwenye neno juu ya marehemu hulisema mbele ya watu, na yeye alikuwa na neno, analia mpaka miwani imejaa maji.

"Bandugu, huyu mama alikuwa mutu. Mwaka ya kukimbia, bibi yangu alizaa ndani ya majani, ni Zawadi alivua kitenge yake akafunika mutoto. Na miye, juu ya moshi kidogo, nilimuandikia barua mubaya! Kitenge yangu hata moja haikuharibika. Nilikasirika tu juu hakuniita ku ubatizo ya mujukuu wake. Zawadi, unisamehe!"

"Barua gani, papa?" akauliza mkubwa.

"Ile ya komine."

"Komine ni siye."

Papa Alphonse akamtazama, akaitazama faili, akakaa polepole kwenye kiti ambacho hakikuwepo.

Hatujamaliza kumwinua, pikipiki ikasimama. Tantini Zawadi akashuka na kuku mkononi, akaona bache, akaona umati, akamwachilia kuku na kuanza kukimbia akilia: "Neema! Neema wangu! Nilimuacha muzima jana!" Akapita katikati ya watu waliokuja kumlilia, kila mtu akijitupa pembeni, mpaka akanifikia, tukatazamana. Muuza samaki alirudi nyuma akifanya ishara ya msalaba.

"Ni nani amekufa?" Tantini akauliza.

"Ni weye, Tantini," nikajibu.

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka sokoni. Tantini peke yake hakucheka. Alinishika sikio, mimi mtu mzima, mbele ya komine yote: "Umeniua juu ya kivuli?"

Lakini kwenye mkeka palikuwa na mwanamke mmoja wa mtaa wa Ngezi, hakuna aliyemjua, alikuwa anapita na ndizi zake akaona bache akaingia. Yeye hakuacha kulia. Muuza samaki akamwambia, "Mama, tulia, hakuna mutu amekufa."

"Najua," akasema. "Muniache kidogo. Bwana yangu sikumuwekea bache. Tulikimbia tu."

Kicheko kikaisha. Tantini akaliachilia sikio langu, akawaacha wakubwa wamesimama na faili yao, akaketi kando ya yule mama, wakalia wawili, halafu hawakuwa wawili tena. Mkubwa wa komine akaketi, kofia magotini, akangoja. Hakuna aliyemharakisha mtu.

Majirani walisikilizwa mchana, chini ya bache ile ile, kwa kuwa wote walikuwepo tayari, macho mekundu. Wakaulizwa nani ana neno juu ya sabuni. Papa Alphonse akainua mkono.

"Moshi iko," akasema. "Siwezi kudanganya sasa juu mutu hakukufa. Lakini waongeze bomba ipite paa yangu, na wapike mbele ya siye kufungua maduka. Basi. Kazi yake ibakie."

"Na ubatizo unaokuja utakula mpaka uchoke," Tantini akamjibu.

Ruhusa ilitoka baada ya majuma mawili, ikiwa na masharti yale yale ya Papa Alphonse. Kuni za matanga hakuna aliyekubali kuzirudisha kwake, tukapikia sabuni.

Mimi bache sijakodi tena. Wageni wangu na waungue. Na siku ikinibidi, naapa, nitapita kwanza mlango kwa mlango, kwa muuza samaki, kwa Papa Alphonse, mpaka Ngezi kama lazima, niwaambie kila mmoja: leo mtaona bache kwetu, ni ya kivuli tu, siye wote tuko.