Siku Tuliyofunga Yadi Mapema

Niliajiriwa kuwa msimamizi wa yadi ya kuchambua plastiki Dandora, miezi michache baada ya kuhitimu. Kila asubuhi tulisimama duara tukaomba, ndipo kazi ikaanza. Asubuhi moja mama mmoja hakuonekana kwenye meza yake ya kuchambua. Mumewe alikuwa amefariki usiku.

Mwenye yadi alikuwa safarini. Nilipompigia simu alisema, "Wewe ndiye uko na watu. Amua."

Nikaanza kuwaza. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja kesho, na mzigo haujafika nusu. Tukienda matangani, huenda mnunuzi akatuacha. Tusipoenda, nitawaangaliaje hawa wengine?

"Msimamizi," mmoja wa wachambuzi akaniita, "hiyo digrii yako inafikiria pole pole sana. Sisi tunanawa mikono twende kwa mwenzetu."

Nilifunga lango saa nane mchana.

Tulimkuta mfiwa ameketi nje ya mlango wake, leso mabegani. Hakunisalimu. Aliniuliza, "Nafasi yangu umempa nani?"

Msimamizi aliyenitangulia alikuwa na mtindo huo. Kila aliyefiwa alirudi akakuta mwingine kwenye meza yake.

"Hakuna, mama. Yadi tumefunga. Tuko hapa sote."

Alitazama nyuma yangu, uso mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Ndipo akalia kwa sauti, na wenzake wakamzunguka.

Kesho yake lori liliondoka nusu tupu. Mnunuzi alinifokea kwenye simu, nami nikamsikiliza mpaka akamaliza. Meza ya yule mama ilikaa bila mtu hadi aliporudi kutoka kumzika mumewe kwao, magharibi mwa nchi.