Masahihisho ya Mwalimu Nathanaeli

Usiku ule nilikuwa nimekunywa uji tu. Natanguliza kusema hivyo kwa sababu najua wapo watakaodai ndoto yangu ililetwa na maharage.

Mchana wake, Mama Upendo, mjane wa Mwalimu Nathanaeli, alikuwa ameleta ombi kanisani: mchungaji aende akabariki kaburi la mumewe na kusimika msalaba. Mwalimu alizikwa bila kengele na bila kwaya, kwa kuwa alikufa akiwa ametengwa na Meza ya Bwana. Mchungaji wetu mpya, kijana mwenye subira, akasema, "Jumamosi, kwenye baraza la wazee, tutasoma muhtasari wa kikao kilichomtenga tuone kosa lilikuwa gani." Kisha akanigeukia mimi, katibu wa baraza tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Nikasema nitautafuta. Haukuhitaji kutafutwa. Uko kwenye daftari juu ya kabati langu, na mwandiko ni wangu.

Basi nikalala, na ndotoni nilikuwa napanda kwenda kanisani, daftari kwapani. Mlango uko wazi. Ndani wamekaa wazee wa baraza la zamani, wote marehemu, kila mmoja mahali pake pa siku zote, na marehemu mchungaji wa zamani kwenye kiti cha mwenyekiti. Mwalimu Nathanaeli amevaa suti yake ya kahawia, amekaa benchi la mwisho, la waliotengwa. Sakafuni kuna maji yanayofika vifundoni. Hakuna anayeshangaa. Wamekunja suruali tu.

Mezani lipo lile jiwe.

Nilieleze. Vijana walipokuwa wakipasua mawe ya msingi wa kanisa, moja lilifunguka, na ndani yake mlikuwa na gamba la kombe wa baharini, nalo limegeuka jiwe. Sisi tuko milimani. Bahari tunaisikia redioni. Mzee Yosia, mmoja wa wazee wa baraza, akasema ni gharika ya Nuhu, na dunia ina miaka elfu sita, basi. Mwalimu, aliyefundisha baiolojia sekondari na watoto wa shule ya Jumapili, akasema hapa palikuwa bahari kabla hajakuwepo mtu wa kuhesabu miaka, na viumbe vimekuwa vikibadilika polepole, hata sisi. Kwa hiyo kuhusu maji tulikubaliana wote. Tuligombana ni lini. Pengine yangeishia hapo, ila Jumapili iliyofuata mjukuu wa Mzee Yosia alirudi nyumbani kutoka darasa la Mwalimu akamtazama babu yake kwa makini mno, hasa masikio. Kesho yake kikaitwa kikao.

Sasa samaki anapita kati ya mabenchi.

"Mnamwona?" anasema Mzee Yosia. "Huyo ni wa Nuhu."

"Muulize," anasema Mwalimu kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza, umetengwa!"

"Na wewe umekufa, Mzee Yosia."

"Nimekufa na msimamo wangu!"

Mwenyekiti anagonga meza, maji yanaruka. Nami nashindwa kujizuia. "Mchungaji, ninyi mmeshafika huko. Hebu nambie, dunia ina umri gani?"

Ananitazama kwa uchovu. "Hiyo ni ajenda ya tatu, Katibu. Tangu tufike huku tuko kwenye ya kwanza, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Soma."

Nafungua daftari, na badala ya ukurasa niko kando ya barabara, siku ya mazishi. Jeneza linapita mabegani mwa walimu wenzake, kimya. Watu wananiuliza mbona siendi makaburini. Nasema mgongo. Kisha niko tena kanisani, maji yamefika magotini, na sentensi iko mbele yangu.

Nasoma: "Mwalimu alikiri kwamba haamini Biblia."

Hakusema hivyo. Jioni ile alizungumza kirefu, mvua inanyesha, mimi nataka kwenda nyumbani, na Mzee Yosia ameikazia macho kalamu yangu. Nikafupisha. Wenzangu wangeweza kujitetea kwamba hawakuyaelewa maneno ya shule. Mimi nilifika kidato cha nne. Nilielewa vizuri alichosema, nikaandika kingine.

Mwalimu anasimama, ananyoosha mkono. "Mwenyekiti, nina masahihisho."

"Masahihisho ya marehemu hayapokelewi," anasema mwenyekiti. "Aliye hai humu ni mmoja."

Wote wananigeukia. Maji yako kiunoni. Mkono wangu ni mzito kama blanketi lililolowa. Najua nikiunyoosha, Jumamosi watakaa kunijadili mimi, shahidi wa uongo, na lile benchi la mwisho litakuwa langu, wajukuu wangu wakiona.

"Inua, bwana!" anafoka Mzee Yosia. "Tuendelee! Nina hoja!"

"Hoja gani, Mzee?"

"Ile ile!"

Hata Mwalimu anacheka. Kisha anaacha kucheka. Anakuja kati ya mabenchi, na maji hayamlowanishi. Anasimama karibu nami kama alivyokuwa akisimama zamani tukishiriki kitabu kimoja cha nyimbo.

"Katibu," anasema, "mimi benchi lile nimelizoea. Mke wangu hajalizoea."

Nikanyoosha mkono.

Nikaamka, na mkono uko juu kweli, kumekucha, na mke wangu amekaa kitandani ananitazama.

"Baba Joeli, unamnyooshea nani mkono?"

Nikamweleza yote, ndoto na lile ambalo halikuwa ndoto.

"Na mimi nilikupikia chai ulipotoka kwenye kikao kile," akasema. "Ukanywa vikombe viwili." Akavuta shuka lake. "Inuka uende kwa Mama Upendo. Usimwache aje kuyasikia Jumamosi katikati ya watu."

Niliketi kwanza nikaandika masahihisho. Ajabu ni kwamba sikuhitaji kuyatafuta maneno ya Mwalimu. Miaka yote hii yalikuwa yamekaa tu, yananisubiri. Kisha nikaenda. Nilimkuta uani anafua. Hakunipa kiti, nami sikukitazamia. Nikamwambia nilichoandika siku ile, na kwamba Jumamosi nitakisema mbele ya baraza zima, halafu wanifanye watakavyoona. Nikamsomea masahihisho. Alijifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena:

"Mwalimu Nathanaeli alisema: Wazee wangu, mimi naamini Mungu ndiye aliyeumba. Ilimchukua muda gani sijui, ila sidhani kama alikuwa na haraka. Kama nimekosea, nionyesheni mstari, nitaungama mbele ya kanisa. Lakini nawasihi, msiwaambie watoto wachague kati ya Mungu na jiwe hili. Jiwe wanalishika mkononi."