Siku Baba Alipoiezua Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja ya mawingu, baba yangu alipopanda juu ya nyumba hii hii tunayokaa leo, akaanza kuiezua kwa mikono yake mwenyewe. Usicheke, mwanangu. Baba alikuwa mtu mwenye akili timamu, fundi cherehani anayejulikana Lushoto nzima, na nyumba hii aliipenda kuliko hata cherehani yake. Nakuhadithia kwa sababu Jumatatu unaanza kazi kwenye hicho chama cha kuhifadhi majengo ya zamani, na tangu jana naiona hiyo futi kamba mpya ilivyokuvimbisha mfuko. Kunywa chai yako, nisikilize.

Nyumba unaijua, chini mawe, juu mbao, na milango ya mkulo, ule mti wa misitu yetu, inayonukia mpaka leo kukiwa na unyevu. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule juzijuzi, nikimsaidia baba kushona vifungo hapo barazani. Bibi yangu, mama yake baba, alilala chumba kile cha pembeni chenye dirisha la kutazama mlima. Kifua kilimsumbua na miguu ilishachoka, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

Basi siku moja wakaja watu na gari, bwana mmoja mrefu mwenye kofia pamoja na vijana wake. Wakafungua futi kamba, wakapima ukuta hadi ukuta, wakapiga picha milango, mmoja akachungulia mpaka darini. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake palepale barazani. Wakamruka kama wanavyoruka ndoo. Baba alipouliza kulikoni, kijana mmoja akamjibu bila kugeuka, "Tumeshaongea na ofisi, mzee." Wakapanda gari, wakaenda zao.

Wewe unajua mtu huwaza nini akipimiwa nyumba bila kuambiwa sababu. Huwaza kuvunjiwa. Chini kule Mombo, kando ya barabara kuu, kuna jamaa zetu walishapimwa hivyohivyo, na wale waliochelewa kuondoa mabati, mabati yao yalikunjwa na tingatinga pamoja na kuta. Jioni ile majirani walijaa hapa wakitupa pole kama tumefiwa. Baba akaamua tubomoe wenyewe kabla hatujabomolewa, tuokoe bati na milango, tukajenge kibanda kwenye kiwanja cha baba mdogo hukohuko Mombo.

Bibi akakataa katakata.

"Mombo na lile joto? Na kifua hiki? Semeni tu kwamba mnanipeleka kuzikwa."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Nenda kawaulize wale watu."

"Watu wa ofisi hawaulizwi, mama."

"Kwani hawana midomo?"

Baba hakwenda. Aliogopa, mwanangu, nami simlaumu. Hata mimi niliogopa. Tulikuwa tumezoea kwamba kikitoka ofisini kimetoka. Kulipokucha akachukua nyundo na mtaimbo, akapanda. Mimi nilikaa chini nikipokea mabati, kila moja likishuka na mlio ambao sitausahau. Mlango mkubwa ulikuwa umeshang'olewa bawabani, umeegemezwa kwenye mti wa plamsi. Bibi akajifunika blanketi, akakiburuta kigoda chake mpaka kwenye fremu tupu ya ule mlango, akakaa katikati. Alisema atakayetaka kubeba chochote kutoka ndani ampitie yeye kwanza. Mawingu nayo yalikuwa yameshashuka mpaka kwenye misitu, na sisi tuko wazi nusu nyumba.

Ndipo likaja lile gari tena. Nikajua tumechelewa, wamekuja na amri. Bwana mrefu akashuka, akatazama juu, akaweka mikono kichwani.

"Mzee! Mzee, shuka! Unafanya nini?"

"Nawapunguzia kazi," baba akamjibu kwa hasira.

"Kazi gani? Sisi ni chama cha kuhifadhi nyumba za zamani! Tuliipima ili isibomolewe, mzee wangu. Tuna michoro yake, ili hata ikiharibika itengenezwe ilivyokuwa!"

Baba akabaki ameshika nyundo hewani.

"Kwa hiyo hamvunji?"

"Hatuvunji."

"Na sisi tunakaa humuhumu?"

"Nani mwingine akae?"

Baba alianza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kuikumbatia kenchi ya paa asianguke, na mimi huku chini nililia kwa furaha, nikiwa bado nimeshika bati. Sijawahi tena kuwa mwepesi vile.

Bwana mrefu akamsogelea bibi. "Shikamoo, bibi."

Bibi akalivuta blanketi lake vizuri mabegani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jana uliamkia ukuta wangu, mimi ukanipita hapahapa. Ukuta ulikuitikia?"

Yule bwana akavua kofia. Nadhani hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu anazipenda nyumba kuliko alivyozoea kuongea na watu. "Haukuitika, bibi," akasema. "Nisamehe. Nilipita kila ofisi nikasahau kupita kwako."

"Haya, nimekusamehe. Panda juu, mvua inakuja."

Wakapanda wote, na mashati yao ya ofisini. Mvua ilitukuta hatujamaliza kufunga kofia za bati kileleni mwa paa. Lile doa unaloliona darini sebuleni ni la siku hiyo, na baba alikataa lisipakwe rangi. Mlango wa mkulo ulirudishwa bwana mrefu akiushikilia na baba akikaza bawaba. Kisha tukala viazi na maharage, watu wamelowa na wanacheka, na bibi akaenda kulala chumbani kwake. Alilala humo miaka mingi baadaye, mpaka Mungu alipomwita, na dirisha lake likiwa wazi upande wa mlima.

Sasa sikia, mwanangu. Ukifika kwenye nyumba ya watu, hiyo futi kamba iache mfukoni kwanza. Amkia. Taja jina lako, sema umetumwa na nani, unapima kwa ajili ya nini, na wao watapata nini au watapoteza nini. Sema kwa lugha ya nyumbani kama Kiswahili hakiwaingii vizuri, na usubiri mpaka uone wameelewa, siyo wameitikia tu. Mkubwa wa nyumba akiwa shambani, rudi kesho. Hati ya ofisini ni ya lazima, lakini haimtoi mtu hofu. Na siku ukipimwa wewe, uliza, na usipojibiwa uliza tena. Hii nyumba ilikaribia kuanguka kwa mikono ya mtu aliyeipenda kuliko wote, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia neno.

Haya, inama nikushike kichwa. Mungu akutangulie kwenye hizo baraza za watu, akupe macho ya kuona aliyekaa kabla ya kuona alichokikalia. Na kila utakapopiga hodi, mwanangu, aitike mtu.