Vibao Viwili vya Mpini

Fundi seremala wa Magamba hakuwa na kawaida ya kumuuliza mteja swali, na hilo ndilo lililomkosesha raha Nathanaeli, balozi wa nyumba kumi. Siku ya tatu sasa anamkuta na vibao viwili vilevile vilivyopinda, vya mpini wa bastola. Mzee alishaviondoa vanishi kuukuu kwa msasa, akavipaka maji ya magome ya mwati mpaka vikarudia wekundu wake. Leo alivisugua nta kwa kiganja, polepole, akivinusa kama mpishi anusavyo mchuzi. Silaha bila kibali ni kifungo, na asubuhi hiyo Nathanaeli alikuwa ameshapeleka habari polisi Lushoto.

“Shikamoo, fundi. Hivyo ni vya nani?”

“Marahaba. Ni mbao tu, balozi.”

“Polisi wakija utawaambia hivyo?”

Mzee akavifunga kwenye gazeti, akamkabidhi. “Basi chukua. Mkeo kavitoa kwenye sanduku la marehemu baba yako. Alitaka kukufurahisha.”

Nathanaeli akageukia barabara itokayo Lushoto. “Na chuma chake kiko wapi?”

Fundi alikuwa ameshashika ubao mwingine. “Sikuuliza. Kitakuwa kwako.”