Fyuzi na Uzito wa Mjomba

Walisema sitaweza. Walisema nimerudi kutoka Dar na diploma ya umeme wa magari na viatu vilivyochongoka, na kwamba viatu vitaisha kabla sijawasha taa hata moja Palma. Mjomba wangu, kaka yake mama, alisema anayetaka kujua faida ya diploma ajaribu kuifungia dagaa. Shemeji yangu, mume wa dada, alicheka mpaka akakohoa. Na yule mfanyabiashara wa Namoto, kule mpakani, ambaye kwao ni Mtwara, mtu asiyecheka bila faida, siku hiyo alicheka bure.

Pikapu niliinunua ikiwa imekaa juu ya matofali, rangi imeliwa na chumvi, haina betri, matairi wala jeki. Mjomba aliniazima betri, mfanyabiashara matairi, shemeji jeki. Sharti lao lilikuwa moja: nikishindwa, kila mtu anachukua chake palepale gari liliposimama.

Ilikuwa miaka ile gesi imegunduliwa, na kila aliyepata kizibao cha kung'aa alijiita engenheiro, yaani mhandisi kwa Kireno. Wapo waliovaa kofia ngumu mpaka mlangoni mwa msikiti. Mimi mwenye cheti chenye mhuri nililala uvunguni mwa gari nikila vumbi. Lakini ni mimi, si wao, niliyekubaliana na wapishi wa kambi ya gesi kwamba nitawaletea mihogo na ndizi kutoka Pundanhar. Kikwazo kilikuwa geti. Gari lisilo na taa za nyuma haliingii, hata uwe ndugu wa nani.

Nyumbani taa ziliwaka vizuri. Nikaenda Pundanhar, nikapakia mpaka pomoni, nikarudi. Getini, nyuma giza. Fyuzi ilikuwa imeungua. Nikaweka nyingine mbele ya mlinzi, nayo ikaungua. Akaniambia nigeuze, na nikirudi tena hivyo kazi apewe mwingine. Ndizi zikaivia barazani kwetu, wakaja kuzila walewale walionicheka.

Huku wakila, kila mtu alikuwa na dawa. Shemeji alitaka nikunje karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara niichomeke mahali pa fyuzi, maana ndivyo wanavyofanya mafundi wote wa hapa. Kweli, ndivyo wanavyofanya. Ndiyo maana kwenye njia ya Pundanhar kuna mabati ya gari lililoteketea, na mwenyewe mpaka leo analaumu mashetani. Fyuzi huungua ili gari lisiungue. Mimi hilo nilifundishwa darasani. Wao hawajafundishwa hata na moto.

Kesho yake mjomba alikuja na mkokoteni kuchukua betri yake. Nikamwomba anisubiri mpaka adhuhuri. Akakaa barazani na wenzake wawili kungoja nishindwe.

Nilitoa balbu za taa za nyuma, nikawasha swichi, na mahali pa fyuzi nikafunga balbu ya kupimia. Waya ukigusa bodi mahali popote, balbu hiyo inawaka. Haikuwaka. Nikatikisa kila waya niliouona, wapi. Hapo nikafikiri kama msomi. Gari likiwa tupu, hakuna kosa. Likijaa, fyuzi inaungua. Nilihitaji mzigo, na mihogo sikuwa nayo. Lakini barazani palikuwa na mzigo umekaa, unanicheka.

Nikawaomba waheshimiwa wangu wapande nyuma. Shemeji alikuwa wa kwanza, akauliza tunakwenda wapi.

"Hatuendi popote, shemeji," nikamwambia. "Leo ninyi ni mihogo."

Balbu giza. Akapanda mfanyabiashara, bado giza. Kisha akapanda mjomba, ambaye mwili wake una sifa mpaka Namoto. Springi zikalia, balbu ikawaka.

"Shuka, mjomba." Ikazima. "Panda." Ikawaka. Nilimpandisha na kumshusha mpaka kanzu ikalowa jasho, na siwezi kuapa kwamba mara zote zilihitajika.

Kisha nikaingia uvunguni, yeye akiwa juu. Mwenye gari wa zamani alikuwa amepitisha waya wa taa za nyuma juu ya ekseli, ukiwa umelegea. Mzigo ukiishusha bodi, waya unabanwa, na ngozi yake ilikuwa imekwisha mpaka shaba inaonekana. Nikaukata palipochubuka, nikaunga mpya, nikaupandisha mbali na ekseli. Nikarudisha balbu na fyuzi. Taa zikawaka, mjomba akiwa bado juu kama gunia.

Safari iliyofuata mlinzi alizunguka gari langu akitafuta kosa, akakosa, akafungua geti. Tangu hapo kambi ile ilikula mihogo yangu.

Siku ya kuwalipa nilichagua Ijumaa baada ya swala, watu wakiwa wengi barazani. Shemeji nilimrudishia jeki yake ikiwa na grisi. Mfanyabiashara nilimpa matairi mapya, maana ya kwake yalikwishaliwa na njia ya Pundanhar. Akayabonyeza moja moja. Mjomba akapata betri yake, imejaa chaji, maana gari sasa lilikuwa na nyingine niliyoinunua.

"Betri nimeipokea," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Na uzito wangu uliotengenezea gari, utaulipa lini?"

"Panda, mjomba, nikupeleke kwako wewe na betri yako."

Akapanda nyuma, springi zikalia. Ilikuwa mchana mweupe, lakini niliwasha taa, nikapita mbele ya baraza polepole, wote wazione.