Mama Kamba na Sumaku ya Mashariki

Kila asubuhi, kabla ya kuvuka uzio wa kamba, Mama Kamba hujipekua mwenyewe. Hana kibanio, hana hereni, hana pini. Suruali yake haina zipu. Huifunga kwa uzi wa katani, na uzi huo ndio uliompa jina. Mumewe humtania kwamba ameoa gunia.

Ndani ya uzio kuna kipimio kinachoandika nguvu ya sumaku ya ardhi kila dakika, na hata pini ya chuma hukipotosha. Nguvu hiyo haitulii: jua likisogea nayo hupanda, kisha hushuka. Wapimaji wanaozunguka porini kutafuta dalili za madini huondoa badiliko hilo kwenye hesabu zao, na wanalipata kwake. Kwa miaka sita hakuna aliyelitilia shaka.

Kisha wakahamia mashariki, kilomita arobaini kutoka kambini. Mstari uleule wa vipimo, ukipimwa siku mbili, ulitoa majibu mawili. Mtaalamu mpya wa wapimaji hao akamfuata.

“Mama, sema ukweli tu. Uliingia na chuma.”

“Chuma nilicho nacho kimo kwenye damu, mwanangu. Nikitoe?”

“Sitanii. Kama ni wewe, Ijumaa unafungasha virago.”

Mama Kamba akafungua daftari lake: pikipiki, mbwa mwenye mnyororo, kila kilichopita na saa yake. Siku zile mbili hapakupita kitu. Ila lililomkera kuliko hiyo Ijumaa lilikuwa swali: nani kasema ardhi yote hupanda pamoja? Hata maji ya sufuria moja huanza kuchemka upande mmoja.

“Kipimio cha akiba kikae na changu siku moja,” alisema. “Kesho yake kipelekeni mashariki, changu kibaki hapa. Namba ndizo zitanihukumu.”

Siku ya kwanza vilikwenda sambamba kama reli. Siku ya pili, saa sita mchana, chake kilikuwa kimepanda alama thelathini. Cha mashariki, arobaini na tatu. Mtaalamu alirudia hesabu mara tatu.

“Huenda miamba ya kule inapitisha umeme zaidi,” alisema polepole. “Umeme huo huzaa sumaku yake, na badiliko linakuzwa.”

“Huenda?”

“Sijui, mama.”

“Basi twende tukaone.”

Kituo cha pili kikajengwa mashariki, akapewa Mama Kamba akianzishe. Siku ya kwanza mtaalamu alikuja mbio kusoma namba, kifungo cha chuma kikimeremeta kiunoni. Mama Kamba akamzuia kwenye uzio.

“Mkanda, mwanangu.”

Akauvua, akabaki ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Mama Kamba akachomoa mfukoni kipande cha uzi wa katani, akampa.