Bango Lisilo na Mwenyewe

Viateur hakujifunza kuchora shuleni. Alijifunza Rubaya, kule machimboni, kwenye magunia. Alikuwa mbebaji, na kila mwenye mzigo alitaka gunia lake lijulikane katikati ya mengine yaliyotuliwa njiani kwenye matope. Basi Viateur alichukua kipande cha mkaa akaweka alama: mkia wa panya kwa huyu, jino moja kwa yule. Mistari miwili mitatu, imekwisha. Anayebeba hana nafasi ya mapambo.

Mgongo ulipomgomea alirudi Masisi sentre kuchora mabango ya vinyozi na maduka, na huko mkono wake ukaharibika. Kila mteja alitaka kila kitu: mkasi, kitana, namba ya telefone, jina la mwenye duka, jina la kifungua mimba wa mwenye duka, na chini kabisa Mungu ni mwema. Nilimkuta akiwa hivyo, amechoka, anakubali yote. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kupatana naye bei, lakini kazi yake haiuzi.

Mimi nilikuwa nimetoka Hombo, ambako niliuza chumvi na mawese mpaka nikajua kwamba jicho la mteja linaamua kabla mdomo haujauliza bei. Nilikodi chumba karibu na pale wanapopaki watu wa moto, hizi pikipiki za abiria, nikaweka jiko, meza na mabenchi, kahawa ya huku huku na maziwa ya huku huku. Nilitaka alama moja tu, ile ile bangoni, kwenye vikombe, kwenye termosi. Iwe ndogo, ichekeshe, na mwenye moto aielewe bila kupunguza mwendo.

"Na maneno?" Viateur aliuliza.

"Kahawa. Basi."

"Hata jina yako, Mama Emérita?"

"Wenye kunijua wananijua. Nitakulipa juu ya yenye umeacha, hapana juu ya yenye umeweka."

"Weye njo wa kwanza kunipa kazi ya kutofanya kazi."

Tulipatana hivi: wateja wakiingia, vikombe na termosi zote ni kazi yake, pamoja na bango la dada yangu kule Hombo. Wasipoingia, hakuna.

"Kama hakuna, miye narudia Rubaya," akasema. "Ngata yangu iko tayari mu begi."

Ngata ni kile kitambaa cha kuviringa kinachozuia mzigo usikate ngozi. Hakusema ili nimhurumie. Alisema kama mtu anayetaja hali ya barabara. Lakini kwa mgongo ule, Rubaya ingemmaliza, na sote wawili tulijua.

Akachora ng'ombe. Ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye jicho moja, pembe moja imeinama kama mkono wa kikombe. Watoto walisimama wakacheka, na mimi sikukataa. Viateur ni mtoto wa wakulima, mimi ni mtu wa biashara. Kwetu, ng'ombe ni ng'ombe.

Kisha akashuka Sebahire, mfugaji aliyeniletea maziwa. Alisimama mbele ya bango kwa muda mrefu kuliko mtu anayesoma neno moja.

"Huyu ni Bihogo."

"Nani?" nikauliza.

"Ng'ombe yangu! Doa njo hiyo, pembe njo hiyo, alianguka mu mutaro akiwa angali ndama. Mumemutundika uko juu bila kuniuliza?"

"Papa, nilimuona tu mu njia," Viateur akasema. "Alinichekesha."

"Anachekeshaka, ndiyo," Sebahire akasema, na uso ukamfunguka.

Angekasirika ingekuwa nafuu. Alifurahi, akaizungusha habari mlima mzima. Wafugaji wa huku wanajua sura za ng'ombe kama wewe unavyojua sura za wajomba zako, kwa hiyo wote waliopita wakaona Bihogo, na kahawa yangu ikawa kahawa ya Sebahire. Mukagasana, aliyeniletea nusu ya maziwa na ambaye familia yake inagombana na Sebahire juu ya malisho, akaacha kuleta. Wakulima nao walimtambua Bihogo kwa sababu yao.

"Ile njo ilikula maharage yangu," mmoja aliniambia mlangoni. "Sasa eti nikunywe chini yake?"

Viateur akafuta ng'ombe, akachora kilima chenye mti mmoja. Asubuhi nikakuta wanaume wawili mbele ya bango wakibishana kilima kile ni cha nani. Sikungoja mshindi. Nilimwambia afute kabla hawajaitana ndugu zao.

Baada ya hapo alikaa kwenye benchi, ndani hakuna mteja. Akaitoa ngata begini, akaanza kuiviringa upya, polepole. Nilimwona. Sikuwa na cha kumpa isipokuwa kahawa, na hata hiyo ilikuwa ikipoa.

Mvua ndiyo iliyotuletea watu. Mukagasana alikuja kuchukua bidoni lake tupu la maziwa, Sebahire alikuja kuuliza Bihogo amekosa nini hata afutwe, na mvua ikawafungia ndani wote wawili. Niliwamiminia kahawa yenye maziwa mazito. Wakanywa huku wakigombana.

"Kila pahali Sebahire," Mukagasana akasema. "Malisho Sebahire, sasa hata kahawa Sebahire!"

"Mama, pangusa kwanza mudomo. Unafanana na mbuzi muzee."

"Miye? Jiangalie mu dirisha, Papa. Umeota mvi mbele ya wajukuu!"

Kila mmoja alikuwa na masharubu meupe ya maziwa, na kila mmoja aliyaona ya mwenzake tu. Viateur alicheka hadi akashika mgongo. Kisha akaingiza bango ndani, akalipaka lote rangi ya kahawa, akalikausha karibu na jiko. Juu yake akavuta mstari mmoja mweupe, mnene katikati, ncha zimeshuka. Chini yake, neno moja. Ulikuwa mkono ule ule wa magunia.

"Iko kidogo sana," nikasema.

"Ulisema utalipa juu ya yenye nimeacha. Nimeacha yote."

Kulipokucha, mwenye moto mmoja alipita, akalitazama bango, akajipangusa mdomo bila kujua, akageuza, akaingia. Wengine wakamfuata. Sebahire akaja akalichunguza kutoka kila upande, akitafuta mwenyewe ni nani.

"Na hii ni ya nani?"

"Kunywa kwanza, Papa," Viateur akamjibu.

Mukagasana naye akaja. Alitua bidoni lililojaa mlangoni, akaenda zake. Sisemi kwamba wamepatana. Wanakaa mabenchi tofauti, na wakulima wamechukua la tatu. Lakini wanakaa.

Jioni nilimkuta Viateur sakafuni, mgongo ameuegemeza ukutani, anatia mstari mweupe kwenye vikombe. Ngata ilikuwa mkononi, imeloa rangi. Alikuwa akipangusia brashi.

"Usidondoshee sakafu yangu," nikamwambia.

"Na bango ya Hombo?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Maliza vikombe kwanza."